Ndoo Moja ya Udongo: Kisa cha Wakulima 11 wa Waithaka

Walikuja na udongo kwenye vyombo vya kila namna: kopo la mafuta ya kupikia, sufuria iliyotoboka, leso iliyofungwa fundo. Tulikuwa wanachama 11, wakulima wa mboga wa Waithaka, upande wa Dagoretti Kusini jijini Nairobi, na wengi wetu hatuna hata robo ekari. Tukaumwaga udongo wote kwenye ndoo moja ya buluu uani kwangu. Mwenyekiti akaukoroga kwa mwiko wa ugali, tukajaza mfuko mmoja wa karatasi, na kesho yake nikaupeleka maabara ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, pale Kabete, kando ya Waiyaki Way.

Kila mmoja alikuwa ametoa shilingi 200. Jumla yake, 2,200, ilitosha ada ya sampuli moja, nauli yangu na chai ya mkutano. Mimi ndiye katibu, na niliandika kwenye daftari la chama, kwa furaha kabisa, kwamba tumegawana gharama ya kupima udongo. Ndiyo sababu kisa hiki nakiandika mimi: maamuzi mengi yaliyotuumiza yako kwenye daftari hilo kwa mwandiko wangu.

Majibu yakarudi: pH, yaani kipimo cha asidi, ni 5.4 (katikati ni 7, na ikishuka asidi inazidi), udongo una asidi, tia chokaa ya kilimo. Maabara ilipima kile ilicholetewa, tena vizuri. Shida ni kwamba shamba lenye udongo ule halikuwepo Waithaka. Halikuwepo popote.

Kule juu mteremkoni tuna ule udongo mwekundu wa Ukikuyuni, ambao mvua imeuosha miaka na miaka hadi madini yanayozuia asidi yakazama chini. Ukiupa mbolea ya DAP kila msimu, asidi inazidi. Bondeni mambo ni mengine. Huko ndiko analima mama mwenye umri kuliko sisi sote, tunayemwita Shosho, na tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi amekuwa akimwaga majivu ya jikoni na mbolea ya boma kwenye kipande chake. Majivu hufanya kazi ileile ya chokaa. Kwa hiyo Shosho alikuwa ametia chokaa zaidi ya miaka ishirini bila kuiita chokaa.

Sasa akatia nyingine. Mwezi wa pili alinunua mifuko mitatu, akamlipa kijana wa kibarua aichanganye na udongo kabla ya mvua ya masika. Kufikia Julai sukuma wiki zake zilikuwa zimepauka. Mishipa ya jani ilibaki kijani, lakini sehemu za katikati ya mishipa ziligeuka njano hafifu, na majani machanga ndiyo yaliyotangulia. Madini ya chuma na manganizi yalikuwemo udongoni, ila pH ikipanda sana mmea hauwezi kuyanyonya. Wakati huohuo mwenzetu wa juu kabisa alikuwa ametia kiasi kilekile cha chokaa na hakuona tofauti yoyote, kwa kuwa udongo wake ulihitaji nyingi zaidi. Baadaye tulipopima kila shamba peke yake, la juu lilitoka 4.8 na la Shosho 7.6. Kwa macho hizo ni namba zilizokaribiana. Lakini kwenye pH kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo asidi ya shamba la juu ilikuwa zaidi ya mara 600 ya ile ya bondeni. Sisi tulikuwa tumezikoroga kwa mwiko.

Nilienda kumwomba msamaha. Nilimkuta kwenye kigoda akichambua managu, yaani mnavu.

"Shosho, ile chokaa ni sisi tuliokuambia utie," nikamwambia.

Akajibu bila kuinua macho. "Mwanangu, mimi nilitoa mia mbili nijue udongo wangu. Nyinyi mkaniletea habari za udongo wa watu."

Maneno hayo yamekaa nami hadi leo. Tulidhani habari ni kama mchango wa harusi: kila mtu anatoa chake, sufuria ni moja, kila mtu anapakuliwa. Hatukuwa tumejiuliza kama habari zote zinapakuliwa namna hiyo.

Msomaji wa nje ya Nairobi huenda akauliza kwa nini tunanunua habari za kilimo hata kidogo. Wazazi wetu hawakuzinunua. Miaka ya 1980 kulikuwa na mpango wa mafunzo na ziara, uliofadhiliwa kwa fedha za Benki ya Dunia, ambapo afisa wa kilimo alikuwa na ratiba ya kumtembelea mkulima wa mfano na wengine wakajifunza hapo. Mpango ule ulikwisha, serikali ikabana uajiri, na tangu 2013 kilimo kimekuwa kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Nairobi ina hata sheria yake ya kuendeleza kilimo cha mjini, ya mwaka 2015. Lakini sheria haina miguu ya kufika nyuma ya nyumba za kupanga ambako mtu analima mistari minane ya spinachi. Anayepatikana karibu, kila siku, hadi jioni, ni mwenye agroveti, duka la mbegu na dawa za kilimo.

Mwenye agroveti hadai ada ya ushauri. Unaingia na jani mkononi, analigeuza mara moja, anakutajia chupa. Tulikuwa tukisema huo ndio ushauri wa bure. Leo siwezi kuuita hivyo, maana ada yake imo ndani ya bei ya chupa. Sisemi wenye maduka ni waongo, na wengine wamesomea kazi yao. Ila mtu anayekula kwa kuuza dawa huona vigumu kukuambia kwamba ugonjwa wako hauna dawa. Na ugonjwa uliokuwa umeingia kwenye sukuma zetu haukuwa nayo.

Mwezi wa nane mwaka huohuo tuliamua kumlipa mtaalamu wa mimea asiye na duka, kijana aliyesomea kilimo na anayezunguka mashambani kwa pikipiki. Kila mmoja alitakiwa kutoa 300, jumla 3,300 kwa ziara moja ya Jumamosi asubuhi. Alipofika, kabla ya kuangalia mmea wowote, aliomba kuona tunakotupa chupa. Tukampeleka nyuma ya stoo ya mwenyekiti. Tukazihesabu pamoja: 23, za msimu mmoja.

Kisha akaingia shambani, akainua jani la sukuma akalielekeza kwenye jua. Pembeni palikuwa na alama ya njano yenye umbo la V, upande mpana ukiwa ukingoni na ncha ikielekea mshipa wa kati. Ndani ya njano hiyo mishipa midogo ilikuwa imegeuka myeusi kama nyuzi zilizochovywa kwenye wino. Akalikata shina kwa kisu, akatuonyesha mahali pa mkato: duara jeusi, jembamba, kama mtu amelichora kwa kalamu.

"Daktari, huo si ukungu?" mama mmoja akauliza. Kwetu kila anayejua mimea au mifugo ni daktari.

"Hapana, mama. Ni bakteria. Hizi chupa zote mlizonunua ni za wadudu na za ukungu."

Unaitwa uozo mweusi. Huja na mbegu au miche, husafiri kwa maji ya mvua yanayoruka jani hadi jani, kwa mikono yenye umande, kwa kisu cha kuchumia. Ukishaingia kwenye mshipa hakuna cha kunyunyiza kitakachouponya mmea. Kinachobaki ni kung'oa, kupeleka mbali au kuchoma, kukaa misimu ya miaka miwili bila sukuma wala kabeji mahali pale, na kuanza upya na mbegu safi. Kama huna hakika na mbegu, zitie kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 20, uzipoze kwa maji baridi, uzianike. Nyuzi 50 si 45 wala 56: zikipungua bakteria hafi, zikizidi mbegu ndiyo inakufa. Siku hiyohiyo chama kilinunua themomita moja, na nadhani hakuna kifaa kingine tulichowahi kugawana vizuri kama hicho. Mtu huihitaji nusu saa kwa msimu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo bado linaniuma. Asubuhi ile watatu kati yetu hawakuwa wametoa 300 yao. Mwenyekiti alisema wasiingie, na mimi nikamuunga mkono kwa sauti. Tukawafungia nje ya ua wa kayaba. Walisimama upande wa pili wakisikiliza kupitia miiba, na daktari alipolikata shina hawakuliona duara. Wawili kati yao waliendelea kunyunyiza dawa ya ukungu hadi Oktoba. Mifereji yao na yetu ni ileile.

Zaidi yao kulikuwa na mzee wa juu yetu, Guka, ambaye hajawahi kujiunga na chama chochote na hataki kusikia habari hiyo. Sukuma zake zilikuwa na umri wa karibu miaka miwili, zimerefuka kama vijiti vya maharagwe, na karibu kila jani lilikuwa na ile V. Hakuna aliyemwambia. Kwa mwandiko wangu mwenyewe daftari linasema: "Mafunzo ni ya waliolipa." Mvua ya vuli ikaja, maji yakashuka kutoka kwake hadi kwetu, na kufikia Desemba miche yetu safi, iliyotokana na mbegu tulizozitia kwenye maji ya moto kwa saa na themomita, ilikuwa na alama pembeni mwa majani.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichoshindwa kuelewa kwa Shosho. Habari ya udongo ni ya shamba moja: ukimpa jirani haimsaidii, na ukiichanganya na ya jirani unaiharibu. Habari ya ugonjwa ni kinyume chake kabisa. Mimi nikiijua peke yangu inanifaa nusu, na ile nusu nyingine iko mikononi mwa jirani. Asiyelipa akinyimwa, anayepoteza ni aliyelipa.

Niliwaambia wenzangu kwamba twende kwa Guka, na kwamba tumpe miche bure. Mwenyekiti alikasirika. Alisema, na hoja yake si ya kudharau, kwamba tukimpa asiyelipa, msimu ujao nani atalipa? Tulibishana hadi giza. Mwisho tulikubaliana twende wawili, mimi na Shosho, kwa kuwa Guka hawezi kumfukuza Shosho.

"Guka, tumekuja na neno dogo," nikasema.

"Kama ni la chama, njia mnaijua."

"Si la chama, baba ya watu," Shosho akamjibu. "Ni la sukuma. Nipe kisu chako."

Akamkatia shina moja akampa ashike mwenyewe. Guka alilileta karibu na macho, akaligeuza, akanyamaza kitambo. "Mimi nilidhani ni uzee wake," akasema. Wiki iliyofuata aling'oa zote. Tulimpa miche 200, gharama ambayo kwenye daftari haikufika 500, na yeye kwa hiari yake akapanda managu na terere (mchicha) pale pa zamani, vitu visivyoshikwa na bakteria yule. Shilingi zile chache nazihesabu kuwa ndizo tulizotumia vizuri kuliko zote mwaka ule, na tulizitoa kwa mtu ambaye hajatoa senti hadi leo. Mwenyekiti bado hakubaliani nami kabisa. Lakini ameacha kufunga lango siku za daktari.

Kuhusu bei ya soko nitasema kwa kifupi, maana fundisho lake lilikuja asubuhi moja. Wizara ya Kilimo hutoa bei za masoko bure kupitia mfumo wake wa KAMIS, na kwa kujua mwenendo wa msimu inafaa. Sisi tulitaka bei ya leo, saa hii. Tukamlipa kijana mmoja 100 kila siku ya soko ili atupigie saa kumi na moja alfajiri kutoka Kangemi. Kiangazi cha Januari, mboga ikiwa adimu, alipiga kusema gunia limepanda. Wote tulipata habari kwa wakati mmoja, tukachuma kwa tochi, na saa moja asubuhi tisa kati yetu tulikuwa tumepanga magunia Kangemi kando kwa kando. Mabroka, yaani madalali wanaonunua mboga, walitembea mbele ya ule mstari mara moja tu. Hawakuhitaji kusema mengi. Wa kwanza aliuza vizuri, wa tano akauza kwa nusu, na wa mwisho alirudi nyumbani na gunia lililonyauka kwenye bodaboda ileile aliyoilipa kwenda. Bei ni habari inayopungua kila anapoongezeka mwenye kuijua. Kuigawana bila kugawana soko lenyewe ni kutupa pesa. Siku hizi tunachuma kwa zamu, tunakodi pikapu moja, anauza mtu mmoja, na ile 100 ya kijana inakatwa kwenye mauzo kwa hesabu ya magunia. Mwenye magunia manne analipia manne. Hakuna aliyelalamika juu ya mgao huo, na katika chama chetu hilo ni jambo la kushangaza.

Na hali ya hewa tulikuwa tukilipia jumbe za simu, mwaka mzima, hadi binti wa mwanachama mmoja alipotukumbusha kwamba makao ya Idara ya Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner, na kwamba utabiri wa msimu hutolewa bure kabla ya masika na kabla ya vuli. Hiyo tulikwisha kuilipia kwa kodi. Tukafuta jumbe zile siku hiyohiyo.

Ulibaki mgogoro wa udongo, na huo ulikuwa mgumu kuliko nilivyotarajia. Kila mtu alikubali kwamba sasa kila shamba lipimwe peke yake: kuchimba mahali kumi na tano kwa kuzunguka kipande chote, kina cha sentimita 20, kuchanganya udongo wa kipande hicho tu, kutoa nusu kilo, kuandika jina. Ada ya maabara kila mtu atajilipia. Lakini nauli ya kwenda Kabete ni ileile ukiwa na mfuko mmoja au kumi na mmoja, na majibu yanakuja kwa Kiingereza na vipimo ambavyo wengi wetu hatuwezi kuvisoma, na daktari akija kuyafafanua anatumia asubuhi moja kwa wote. Gharama hizo mbili, nauli na daktari, tukazigawa sawasawa. Mtu anapata karatasi yake, na anapata pia kusikia karatasi za wenzake zikisomwa, jambo lililotusaidia zaidi ya tulivyofikiria, kwa sababu ukisikia kwa nini jirani aambiwe tia na wewe uambiwe usitie, ndipo unapoelewa chokaa ni nini.

Wanne kati yetu wanalima mashamba ya kukodi. Hao walisema: chokaa inafanya kazi kwa miaka kadhaa, mimi nimekodi kwa msimu, kwa nini nilipie udongo wa mwenye shamba? Wengine waliwaona wachoyo. Mimi naona walisema kweli tupu, na chama kinachomlazimisha mpangaji alipe sawa na mwenye hatimiliki kinamtoza kodi ya pili. Tukawaachia hiari. Watatu walikataa. Mmoja, mama wa watoto wawili ambaye alikuwa amekodi kipande kilekile kwa miaka sita, alipima, akatia chokaa kwa kipimo chake, na misimu miwili iliyofuata spinachi yake ilikuwa nzuri kuliko ya sisi sote.

Daktari naye alikuwa na malalamiko, na yalikuwa ya haki. Tulimlipa ziara moja, kisha kwa miezi minne tukamtumia picha za majani kwenye WhatsApp usiku na mchana, sisi na ndugu zetu wa Ruiru na Kitengela. Kusambaza alichotuambia kuhusu ugonjwa sioni kosa. Lakini kila picha mpya ni kazi mpya. Sasa tunampa kiasi kwa msimu, na maswali yanapitia kwangu, mara moja kwa wiki, yakiwa yamekusanywa. Ametuambia kwamba wateja wawili wapya aliwapata kupitia kwa hao ndugu wa Ruiru.

Yule mama wa kukodi aliambiwa mwezi uliopita ahame. Mwenye shamba anajenga, na lori la kwanza la mawe limeshamwagwa penye mistari yake ya vitunguu. Alikuja kwenye mkutano na maswali mawili: kama atarudishiwa sehemu yake ya themomita, na ile karatasi ya udongo amwachie nani, maana mwenye shamba ataimwagia zege. Pesa ya themomita tulimrudishia. Karatasi tulimwambia aichukue, kwa kuwa udongo wenyewe anaondoka nao: amepewa wiki mbili, na kila jioni yeye na watoto wanachota ule wa juu wanaujaza kwenye magunia ya kupandia mboga, wanayapanga uani pale anapokaa. Ndoo ya buluu iko kwake.